Vinny Alikunywa Ngapi

CHEPKEMBOI: Haloo? Nani huyo? Hii namba siijui.

ESNAH: Ni mimi, Esnah. Mama Vinny.

CHEPKEMBOI: Esnah. Habari ya —

ESNAH: Wacha habari, dada. Niko hospitali, hii simu nimeazima kwa mama wa kitanda ya jirani, na iko na kredo kidogo. Unanisikia?

CHEPKEMBOI: Unakatika. Ngoja nitoke nje ya kiosk, hizi mabati zinazuia netiwaki. (mlango, kuku) Sema sasa. Vinny anaendelea aje?

ESNAH: Amelala tu. Wamemwekea waya kwa kifua. Moyo inakimbia, inaruka, inakimbia tena.

CHEPKEMBOI: Pole, mama. Pole sana. Huku kila mtu anauliza.

ESNAH: Alianguka katikati ya majani chai, si walikuambia? Kipyegon, mwenzake wa kazi, ndio alizima mashine. Unajua hiyo ya kuvuna wanashika wawili, mmoja huku, mmoja huku, na visu ziko katikati. Fikiria kama angeangukia hizo visu.

CHEPKEMBOI: Mungu ni mwema.

ESNAH: Nimechoka, Chepkemboi. Daktari amekuja mara tatu na swali ni moja. Kijana alitumia nini? Ni bangi? Ni miraa? Ni tembe? Nikamwambia huyu hata pombe hanywi. Akaniangalia tu, kama mtu amesikia hiyo kwa mama wengi.

CHEPKEMBOI: Na si ni kweli hanywi?

ESNAH: Ndio nakuuliza wewe. Asubuhi alipitia kwako. Alikunywa nini?

CHEPKEMBOI: Soda.

ESNAH: Soda gani?

CHEPKEMBOI: Si hizo za vijana. Za nguvu. Kila duka inauza, Esnah, si mimi pek—

ESNAH: Najua unauza. Mimi mwenyewe nilikuambia umpee. Nauliza ya leo. Alikunywa ngapi? Daktari anasema kuna dawa anataka kumpea, lakini kama kwa damu iko kitu ingine, inaweza kummaliza. Anangoja hapo mlangoni.

CHEPKEMBOI: Moja. Ama mbili.

ESNAH: Moja, ama mbili?

CHEPKEMBOI: Asubuhi watu ni wengi, siwezi kujua kila —

ESNAH: Wewe unajua nani alinunua kiberiti juzi.

CHEPKEMBOI: (mikwaruzo) ...no...

ESNAH: Unapotea. Rudia.

CHEPKEMBOI: Tano. Nimesema tano.

ESNAH: Tano.

CHEPKEMBOI: Mbili alimalizia hapa saa kumi na mbili, hata hakuwa amekula. Tatu akabeba shambani.

ESNAH: Na ni hiyo tu?

CHEPKEMBOI: Ni soda tu.

ESNAH: Dada. Ni mtoto wangu.

CHEPKEMBOI: Huwa wananiambia niongeze kahawa ya unga. Nafungua chupa, natia, natikisa. Wanaiita jampa, ati kama ile ya kuwasha gari betri imekufa.

ESNAH: Kijiko moja?

CHEPKEMBOI: Mbili. Kila chupa. Walitaka wenyewe, Esnah. Mimi sikujua inaweza kuangusha mtu. Nilionja siku moja, nikakosa usingizi mpaka jogoo akawika, nikasema basi hii ni ya watu wa damu changa.

ESNAH: Ulionja, ukajua, na bado ukampea.

CHEPKEMBOI: Si ulinishukuru? Ulikuja hapa na mkungu mzima wa ndizi. Ukasema kongoi, kijana anarudi nyumbani bila kunuka chang'aa.

ESNAH: Nilikushukuru. Hata kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda. Vinny ameacha pombe, sasa ni soda tu. Watu wakapiga makofi. (anapumua) Na mikono yake ilikuwa inatetemeka, Chepkemboi. Akishika kijiko, uji inamwagika. Mimi nikasema ni hiyo mashine ya chai. Si inatetemesha hata mwanaume mzima? Nikawa namkanda na mafuta kila jioni. Nakanda mikono, kumbe ni moyo.

CHEPKEMBOI: Usijilaumu, mama.

ESNAH: Nijilaumu, nisijilaumu, iko hapo.

CHEPKEMBOI: Esnah. Utamwambia daktari ni mimi?

ESNAH: Daktari hajauliza jina. Ameuliza ngapi.

CHEPKEMBOI: Lakini ikifika huku watanifungia kiosk. Na unajua niko na —

ESNAH: Nitasema tulimpea. Mimi na wewe. Siko na nguvu ya kukasirika, hiyo ningekuwa nayo ningekuja nayo mpaka hapo kwako. Tano, na kahawa vijiko mbili kila moja. Ni hivyo?

CHEPKEMBOI: Ni hivyo.

ESNAH: Sasa wacha niende nimwambie daktari kabla hajaondo— Nani huyo anakuita hapo nyuma?

CHEPKEMBOI: Ni Kipyegon.

ESNAH: Hajaenda nyumbani?

CHEPKEMBOI: Bado wako kazi shambani, ametoka tu kidogo. Wamempatia mtu mwingine wa kushika upande ya Vinny.

ESNAH: Leo hii?

CHEPKEMBOI: Tangu saa sita.

ESNAH: Na hapo kwako amekuja kuitisha nini?

CHEPKEMBOI: Esnah —

ESNAH: Ameitisha nini, Chepkemboi? Huyo pia ako na mama. Ameiti—

CHEPKEMBOI: Haloo? Esnah? Imekatika. Kredo yake imeisha... Nini? Vinny bado hajaamka, Kipyegon. Hapana, weka hiyo chupa chini. Nimesema weka. Keti kwa benchi, nakuchemshia chai na maziwa, na mkate iko... Najua mashine inangoja. Wacha ingoje.