Kifua Hakipimwi Juu ya Ovaroli

Wewe unayepita, daktari alikuvua shati lini mara ya mwisho? Kaa kwanza. Hapa kwenye benchi letu, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Fundi Rangi anakohoa tangu asubuhi, kashika mbavu za kulia kama mtu aliyeficha kitu kwapani. Kahawa inamiminwa, na kila mwenye mdomo ni bingwa wa vifua.

— Ni simu hiyo, alisema Antena, bingwa wetu wa mawimbi. Anaiweka mfuko wa kifuani. Mawimbi yanachemsha pafu.

— Mfuko uko kushoto, nikamwambia.

— Mawimbi huvuka, kijana. Bandu bandu huisha gogo.

Mkurugenzi, ambaye hajawahi kuongoza hata mbuzi, akatikisa kichwa.

— Simu wapi! Miaka yote anavuta rangi. Mapafu yameshapigwa rangi mkono wa kwanza, yanasubiri wa pili. Dawa yake msasa.

Fundi hakucheka.

— Zahanati wamesema pumu. Yule daktari wao aliweka mipira yake ya masikioni hapa, akasikia mikwaruzo.

— Hapa wapi? nikamuuliza.

— Hapa. Juu ya ovaroli.

Ovaroli yenyewe imegandwa na rangi, ukiikunja inalia kama bati. My God! Mtu kapima ukuta, kauandikia dawa ya pumu.

— Vua, kaka.

— Maji ukiyavulia nguo... akaanza Mkurugenzi.

— Mzee, tulia.

Nikatazama. Akivuta pumzi, kushoto kunainuka, kulia kumelala. Nikagonga kwa kidole: kushoto debe tupu, kulia, kuanzia katikati kwenda chini, debe lililojaa. Nikabandika sikio mgongoni: juu pumzi inapita, chini kimya. Degree nzima ya udaktari, na kifaa nilichobaki nacho ni sikio.

— Nadhani ni maji, kando ya pafu. Si la kungoja, Fundi. Hospitali kubwa, leo hii, wakupige picha.

Fundi akampigia simu dada yake, naye akaja na pikipiki. Tukamsimulia, kila mtu kwa sauti yake. Dada akamvalisha kaka yake ovaroli taratibu, kisha akanigeukia.

— Sasa wewe unayejua hivi, mbona uko huku, na yule aliyepima ovaroli yuko kule zahanati?

Pikipiki ikaondoka, Fundi kaukumbatia ubavu wake.

Nanyi mnaogawa kazi huko juu, swali la dada nawaletea, maana jibu liko kwenu. Tuajirini tuliosomea kuvua watu mashati. Na kama hilo nalo lina foleni, anzeni na hili dogo: Fundi yuko njiani. Avuliwe ovaroli.