Siku ya Tatu Mfalme Hajaonekana

Asubuhi ile barazani kwa Okdan, nyuma ya ukuta wa ikulu, katika mji mkuu wa Gaegyeong, tulikuwa wanne kama kawaida. Mimi nasuka viatu vya majani ya mpunga. Masikio anabeba kuni na hakuna neno mjini linalompita. Diwani alikuwa mwandishi wa ikulu; wanajeshi walipoitwaa nchi waliwaua wakubwa zake, yeye wakamwacha aandike mpaka mwaka jana. Siku hizi anawaandikia watu barua. Wa nne ni Dolsoe, mfinyanzi. Binti yake, Bunyi, yuko jikoni kwa mfalme. Okdan alikuwa anatumiminia maji ya ukoko wa wali, ya moto. Siku ya tatu hiyo malango yamefungwa, askari wa jemadari, mkubwa wa wanajeshi wale, wametanda, na mfalme hajaonekana. Dolsoe hakuwa ameligusa bakuli lake.

— Wameshamtoa kitini, alisema Masikio. Yule mfalme aliyemtangulia si walimpeleka kisiwani? Na huyu njia ni hiyohiyo.

— Na watumishi? Okdan aliuliza.

— Wa yule wa kwanza uliwahi kumwona hata mmoja?

Nilimkanyaga Masikio mguu. Akanitazama kama mtu aliyeonewa.

— Hajatolewa, Diwani alisema. Katoroka. Kanyoa kichwa, kavaa joho la watawa, kapita kwenye mfereji wa maji machafu.

— Na kitambi chote kile? Masikio aliuliza.

— Shida inamkondesha mtu, ndugu yangu.

— Basi mimi nawaambia, Masikio alisogea karibu. Mfalme kaondoka tangu mwaka juzi. Anayekaa pale kitini ni sanamu la majani, kavishwa hariri.

— Na muhuri anagonga nani? Okdan aliuliza.

— Si yuleyule aliyekuwa anaugonga siku zote? Jemadari.

Tulicheka, na mimi nikiwemo. Najuta mpaka leo, maana nilipogeuka nilimwona Dolsoe ameshikilia magoti yake kwa mikono miwili.

— Mnanisamehe, alisema polepole. Mimi mfalme simjui. Nina mtoto mmoja tu humo ndani.

Okdan alimshika bega, akaliacha.

Ndipo kilango cha jikoni kilipofunguka. Askari alitoka kwanza, akapiga miayo, kisha akatoka msichana na beseni la maganda ya figili. Dolsoe alisimama, bakuli likaanguka na kupasuka, na yeye mwenyewe ndiye aliyelifinyanga.

— Bunyi.

— Baba, mbona uko hivyo? Unaumwa?

Alimshika uso, akamgeuza huku na huku kama mtu anayetafuta ufa kwenye chungu. Kisha akakaa chini palepale, akalia bila aibu. Masikio akatazama pembeni akipangusa pua.

— Mfalme je? Diwani aliuliza.

— Jino, alisema Bunyi. Lilimvimbisha shavu mpaka jicho likaziba. Jemadari akafunga malango, hakutaka watu wamwone vile. Jana tabibu kaling'oa, leo kala uji mabakuli mawili. Nimeupika mimi.

— Jino, Masikio alirudia, kama vile kaibiwa.

— Kaling'oa vibaya lakini, damu ilitoka nyingi. Askari wakamlaza tabibu chini wamchape viboko. Mfalme akasema, na mdomo umejaa vitambaa, "Mwacheni." Jemadari alikuwa mlangoni. Akamtazama kidogo, halafu akasema, "Mmemsikia. Mwacheni." Tabibu kaenda kwake na miguu yake.

Tulishusha pumzi wote. Okdan alicheka mpaka akashika mbavu. Hata askari pale mlangoni alitabasamu.

— Ila wapishi walishangaa sana kusikia mfalme katoa amri, Bunyi aliendelea. Hivi, mzee Diwani, wewe si ndiye uliyekuwa unaandika amri zake? Kabla ya hiyo ya jana, ipi nyingine ilikuwa yake mwenyewe?

Diwani alianza kuhesabu kwa vidole, akafika cha kwanza, akakikunja tena. Alimtazama Masikio, na Masikio, ambaye hakosi neno, akawa anafunga upya mzigo wake wa kuni uliokuwa umefungwa vizuri tu.

Okdan aliinamisha chungu. Yalitoka matone mawili.

— Yamekwisha, alisema.

Dolsoe alikwishainuka, amemshika binti yake mkono, wanaondoka zao.