Karthala Umesema Alhamisi

VICKY: Haloo? Nani mwenzangu? Namba ya Bongo hii, siijui.

MZEE ELIMRINGI: Baba yako aliyekuzaa!

VICKY: Eh! Shikamoo, Baba.

MZEE ELIMRINGI: Marahaba, mama. Umeamkaje huko Ngazidja, Komoro?

VICKY: Salama. Mbona simu si yako?

MZEE ELIMRINGI: Ya Mama Jeet, yule wa mifuniko ya matangi ya maji hapa Mtaa wa Narung'ombe. Yangu inapumzika. Sikiliza, mlima umelalaje?

VICKY: Umelala tu.

MZEE ELIMRINGI: [kwa sauti, mbali na simu] Umelala! Anasema umelala!

VICKY: Baba, unamwambia nani?

MZEE ELIMRINGI: Upepo.

VICKY: Upepo wa Kariakoo siku hizi unapiga makofi?

MZEE ELIMRINGI: Ni wafanyabiashara wachache tu. Kumi na wanane. Na muuza kahawa.

VICKY: Wanataka nini kwangu?

MZEE ELIMRINGI: Meli ya Moroni inapakia saa nne. Mifuniko ya Mama Jeet iko getini bandarini, elfu mbili, isipopanda leo ni mpaka mwezi ujao. Na hawapandishi kitu mpaka wajue Karthala unalipuka lini. Sasa mimi niliwaambia... [mkwaruzo] ...mtandao huu jamani!

VICKY: Mtandao mzuri. Uliwaambia nini?

MZEE ELIMRINGI: Kwamba mlima umekabidhiwa kwako. Hautemi hata cheche mpaka uweke sahihi.

VICKY: Baba! Mimi nasoma vipima mitetemo!

MZEE ELIMRINGI: Na sahihi unaweka, uliniambia mwenyewe.

VICKY: Ya mahudhurio!

MZEE ELIMRINGI: Sahihi ni sahihi. Halafu usinione mshamba, huo mlima nimeusoma tangu siku ulipopanda ndege. Mwaka elfu moja mia tisa na tatu ulitoa hewa ya sumu, watu kumi na saba wakalala wasiamke. Sabini na saba uji wa moto ukashuka Singani, ukala nyumba, ukaenda kunywa maji baharini. Elfu mbili na tano majivu yakajaa kwenye matangi, watu wakakosa maji ya kunywa. Elfu mbili na saba ukaguna, ukageukia ukutani mpaka leo. Ukipiga hesabu, kila miaka kumi na moja, mlipuko. Umechelewa, mama! Na mgeni aliyechelewa harusini huja na njaa.

VICKY: Huo ni wastani, si ratiba ya treni. Hapohapo kati ya hiyo elfu mbili na tano na saba, ulilipuka mara nne ndani ya miaka miwili. Tena huu si kama Kilimanjaro yetu, useme utautazama kileleni. Huu mpana, umelala kama kitumbua. Unaweza kupasukia ubavuni. Huko Singani ulipasukia ubavuni, hivyo kuutazama mdomo peke yake—

MZEE ELIMRINGI: [mbali] Anasema Alhamisi!

VICKY: Sijasema Alhamisi!

MZEE ELIMRINGI: [mbali] Jioni!

VICKY: Baba, nitafukuzwa kazi! Kutangaza ni kazi ya mkubwa wangu, si yangu. Weka sauti kubwa niseme nao.

MZEE ELIMRINGI: Kitufe kimekufa.

VICKY: Basi mpe Mama Jeet.

MZEE ELIMRINGI: Yuko mbali sana, hata simwo— Aa! Kusum! Taratibu, kidole changu hicho!

KUSUM: Vicky? Mimi Mama Jeet.

VICKY: Shikamoo, Mama Jeet.

KUSUM: Marahaba, mwanangu. Baba yako leo anasema Alhamisi jioni. Jana alisema Ijumaa. Juzi alisema mlima hauwezi kumlipukia Mchaga bila kumpa taarifa. Sasa sema wewe.

VICKY: Mama Jeet... Sijui.

KUSUM: Hujui?

VICKY: Leo vipimo vimetulia. Kesho, sijui.

KUSUM: Na wakubwa zako?

VICKY: Hata wao hawajui siku.

[Honi ya guta la mizigo.]

KUSUM: Miaka thelathini na moja nimekaa Kariakoo. Kila mtu hapa anajua. Dola itapanda, anajua. Nani atafunga bao Jumamosi, anajua. Dawa ya mgongo, wote wanajua! Leo ndiyo kwanza nasikia mtu anasema hajui. Huyu mtaalamu, jamani! Huyu ndiye! Pakieni!

VICKY: Lakini sijasema mpakie—

KUSUM: Majivu yanaweza kuja siku yoyote, na mimi nauza mifuniko ya matangi. Unataka nisubiri nini? Pakieni yote! Mzee, dakika moja, halafu simu yangu.

MZEE ELIMRINGI: ...Umeniaibisha, Vicky.

VICKY: Wameondoka?

MZEE ELIMRINGI: Mbio, wote, bandarini. Amebaki muuza kahawa, naye anaosha vikombe ambavyo ni visafi.

VICKY: Baba.

MZEE ELIMRINGI: Naam.

VICKY: Jumatatu ulipiga kuuliza mlima umelalaje. Jana pia. Hakukuwa na meli.

MZEE ELIMRINGI: Mtandao huu...

VICKY: Mtandao mzuri, Baba.

MZEE ELIMRINGI: Vile viatu nilivyokununulia soko la Mchikichini?

VICKY: Vyote viwili ni vya mguu wa kushoto.

MZEE ELIMRINGI: Yule bwana aliniapia! Lakini bado unavyo?

VICKY: Ninavyo.

MZEE ELIMRINGI: Umeviweka wapi?

VICKY: Mlangoni.

MZEE ELIMRINGI: Vinatazama nje?

VICKY: Vinatazama nje.

MZEE ELIMRINGI: Usivivae. Kushoto mara mbili utazunguka mlima urudi palepale. Ukisikia kitu, toka peku.

VICKY: Nitatoka peku.

MZEE ELIMRINGI: Usisubiri sahihi ya mtu.

VICKY: Sitasubiri. Baba, nami nilitaka kukuam—

[Tii, tii, tii.]

MZEE ELIMRINGI: Vicky? Haloo? Haloo, mama?... Vocha ya Mama Jeet nayo imekwisha, tajiri mzima! [kwa muuza kahawa] Unaniangalia nini? Amesema nimpigie Alhamisi.