Mstari wa Tisa, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mmesoma kazi yake bila kumjua. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Miaka ishirini na sita. Wenzake walimwita Mama Nukta, kwa kuwa nukta ikipotea, hali wala hanywi mpaka aipate. Moyo ulimsumbua muda mrefu. Jumatatu asubuhi ukasimama.

Kosa lake lilikuwa moja. Kitabu cha kemia, jalada la kijani. Ukurasa wa arobaini na moja. Mstari wa tisa ulikuwa sahihi: protoni ina chaji chanya, elektroni ina chaji hasi. Mstari wa kumi ndio uliovurugika: "haina nyutroni chaji." Alikuwa amesoma tangu alfajiri, macho yanawaka. Akachora alama ya kubadilishana maneno. Akaichora kwenye mstari wa tisa. Mpangaji wa herufi akatii. Chanya ikawa hasi, hasi ikawa chanya. Nakala elfu tatu zikaenda shuleni.

Meneja akamwambia, "Dada, tulia. Toleo lijalo tutarekebisha."

"Na mtoto wa watu anayefanya mtihani mwaka huu?"

Meneja akajifanya anatafuta miwani.

Basi akaanza kwenda mwenyewe. Kila siku ya mapumziko, shule hadi shule, kalamu nyekundu mkobani. Miaka mitatu, wasikilizaji. Miaka mitatu. Mwalimu mkuu mmoja alimzuia mlangoni: "Mama, wewe ni mkaguzi?"

"Hapana, mwalimu. Mimi ndiye niliyekosea."

Akiingia darasani, anaketi, anavuta rundo la vitabu, anafungua, anakata, anaandika. Siku moja msichana wa dawati la mbele akamuuliza, "Bibi, na nyutroni je?"

"Hiyo haina chaji, mjukuu wangu. Kama miguu yangu."

Darasa likaangua kicheko. Yeye akaomba maji.

Mumewe anatuambia: "Nilimwambia, mke wangu, hizo elektroni hazijakutuma. Pumzika japo leo. Akasema, nikifumba macho nauona mstari wa tisa."

Alisahihisha nakala elfu mbili mia nane na kumi na nne. Kwa mkono. Zimebaki mia moja themanini na sita, na hakuna ajuaye ziko wapi.

Kwa mumewe, bintiye na wenzake wa kiwandani: poleni sana. Alichoka kweli. Nasi, watu wa "toleo lijalo", tujiulize tumemwachia mtoto wa watu kosa gani.

Bintiye yuko nasi studioni. Tulimwambia tutanyamaza dakika moja kwa heshima ya mama yake. Akasema, "Msinyamaze bure."

Kwa hiyo, mwenye kitabu cha kijani akifungue. Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tisa. Protoni, chanya. Elektroni, hasi. Kalamu yoyote itatosha.

Dakika inaanza sasa.