Usizime Kwanza: Maisha ya Mzee Tulia na Gari Lake la Turbo

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, mke wa marehemu alikuwa ameketi ndani ya gari kwenye uwanja wa hospitali. Alikwisha kufika, chupa ya chai ilikuwa kitini kando yake, lakini injini ilikuwa bado inaunguruma. Mumewe alimfundisha kwamba gari lile halizimwi ghafla likitoka kupanda mlima. Basi alingoja, akigongagonga usukani kwa kidole, roho ikiwa juu juu. Simu ikalia. Alikuwa binti yao mkubwa, aliyekesha wodini.

"Mama, uko wapi?"

"Niko hapa chini. Injini ikipoa napanda."

Binti akasema, "Mama, baba ametutoka."

Familia inamshukuru Mungu kwa maisha yaliyokoma asubuhi ile, na inaomba kuyasimulia kama yalivyokuwa, maana hayakuwa maisha ya kukaa kitako.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1955, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mwashi na mama muuza mboga. Tangu utotoni hakutulia kama mtu aliyemwagiwa upupu. Mama yake alipika huku akipaza sauti, "Tulia!" Alifua huku akisema, "Tulia!" Watoto wa jirani wakadhani ndilo jina lake. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu aliuliza huyu anaitwa nani, wakajibu kwa pamoja, "Tulia." Baba yake alikwenda kusahihisha juma lililofuata, lakini maji yalikwisha kumwagika. Jina la ubatizo likabaki kwenye vyeti, na Tulia likabaki midomoni mwa watu mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1972 hadi 1974. Alikuwa mwepesi wa kuelewa na mzito wa kukaa. Aliwahi kuchapwa kwa kuifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu. Aliifunga tena, ikatembea vizuri kuliko mwanzo, ila skrubu moja ikambakia mkononi. Aliitunza skrubu hiyo miaka yote. Wajukuu wakimwomba awasimulie, aliitoa mfukoni na kusema, "Mwalimu alisema saa ile itasimama siku moja. Mimi nasubiri."

Machi 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi, akiwa fundi wa mabomba ya hewa. Mashine za pale ziliendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na kazi yake ilikuwa kutafuta inapovujia. Alizunguka na kikopo cha povu la sabuni na brashi ya kupakia rangi. Alipaka povu kwenye kila kiungo. Penye tundu, povu lilivimba kama shavu la mtoto anayelia. "Bomba halisemi uongo mbele ya povu," aliwaambia vijana aliowafundisha. Kila jioni alirudi nyumbani nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi la pamba, mkewe akamkung'uta mlangoni kama mkeka. Hakuna aliyewaza kuhusu vumbi lililoingia ndani. Alifanya kazi hapo hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2009.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na mkewe, fundi cherehani wa sare za shule. Walikutana alipopeleka ovaroli kushonwa goti. Alishindwa kungoja akiwa amekaa, akaanza kutia mafuta cherehani ambayo haikuwa yake. "Kaka, hiyo haijaharibika," dada yule alimwambia. "Najua," akajibu, "lakini inalalamika." Mungu aliwajalia watoto watatu: binti mkubwa ambaye ni mwalimu, mwana ambaye ni dereva wa lori, na binti mdogo anayeuza dawa za mifugo.

Ni lazima kusema ukweli mbele ya Mungu na ya waombolezaji: marehemu alianza kazi nyingi, akamaliza chache. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa akishika hiki anaitwa na kile. Mlango wa jikoni ulikaa miaka bila kitasa kwa sababu akiwa katikati ya kukifunga alisikia bomba la jirani likidondosha maji. Mkewe alizoea kusema, "Nimeolewa na mtu mwenye mikono minne na hakuna hata mmoja unaomaliza."

Mwaka 2014, alipokuwa amestaafu na nyumba imekuwa ndogo kwa miguu yake, aliburuta nyumbani gari dogo la mwaka 1986, limeliwa na kutu, panya wamezaa kwenye viti. Lakini lilikuwa na turbo, ile feni ndogo inayosukumwa na moshi wa injini na kuishindilia injini hewa ili iwe na nguvu maradufu. Hewa iliyoshindiliwa! Alilizunguka gari lile kama mtu aliyekutana na rafiki wa kazini. Fundi wa magari wa mtaani, anayeitwa Spana, alikuja kulitazama.

"Mzee, hili liuze chuma chakavu, ununue mkokoteni."

"Mkokoteni una turbo?"

"Hauna. Lakini unafika."

Alilikwangua kutu uani, akalipaka rangi kwa mkono. Mkewe akashona viti upya kwa kitambaa cha sare kilichobaki, ndiyo maana hadi leo gari lile lina viti vya kijani kama wanafunzi. Mwaka 2018 injini iliwaka. Na hapo familia ikapata zawadi ambayo haikuitarajia. Marehemu alieleza kwamba turbo huzunguka kwa kasi kubwa na hushika moto, na ukizima injini ghafla mafuta ya kuipoza husimama, ikaungua. Kwa hiyo kila safari ilipoisha alisema, "Usizime kwanza. Iache ipumue." Naye aliketi. Tulia aliketi! Ndizo dakika pekee za siku ambazo mtu yule hakuwa na spana mkononi. Watoto waligundua mapema. Binti mdogo alimtajia mchumba wake katika dakika hizo, na mwana alikiri hapo kwamba ameacha chuo ili aendeshe malori. Mkewe alikuwa na hila yake. Injini ikishapoa alimwuliza swali jingine, ili mumewe akae kidogo zaidi.

Lakini gari lilikuwa na ugonjwa. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Likifika kwenye mlima wa tangi la maji lilikata pumzi, likatoa moshi mweusi, na chini ya boneti ukasikika mluzi mwembamba. Marehemu aliifungua turbo, akaisafisha, akaifunga. Mluzi ukabaki. Akabadilisha plagi na chujio la mafuta. Mluzi ukabaki. Aliamka na gari, akalala na gari, akaacha chakula kikipoa mezani kwa sababu amewaza jambo. Na kila alipoinama, mkewe aliyekuwa akishona barazani alisikia mluzi wa pili, ambao haukutoka kwenye gari.

"Mama watoto, unausikia?" aliuliza siku moja, kichwa kikiwa chini ya boneti.

"Naisikia miwili."

"Miwili ya nini?"

"Mmoja wa gari, mmoja wa kifua chako. Huo wa kwanza umeutafuta miaka miwili. Huu wa pili lini?"

"Hiki ni kikohozi tu. Likipona gari nitakwenda kupima."

"Likipona vipi? Sema vizuri, nakujua wewe."

"Likipanda mlima wa tangi bila kukata pumzi, nitalipitisha moja kwa moja hospitali. Mungu shahidi, na huyu Spana hapa."

"Mungu namkubali," mkewe alisema. "Spana mwongo."

Spana, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo, hakubisha.

Tangu siku hiyo mkewe hakuwa na raha. Alimwomba Mungu amponye mumewe, na ili mumewe apone ikambidi aombee gari. Aliona haya kuombea gari, lakini aliliombea. Mumewe sasa alisimama mara tatu kutoka uani hadi barazani, akashika nguzo, akasema anatafakari. Mwishowe, siku moja ya Februari 2021, aliweka sare chini na kumfuata.

"Kule kiwandani, hewa ikivuja, ulikuwa unafanya nini kwanza?"

"Povu."

"Na hapa umepaka povu?"

Alimtazama mkewe kama aliyeulizwa jina la mama yake. "Hapa mabomba niliyafunga mwenyewe," alisema.

Mganga hajigangi. Mtu aliyepima kila kiungo alichofunga mwingine kwa miaka thelathini na zaidi hakuwahi kupima viungo vyake. Alitoboa kifuniko cha kopo la rangi, akapachika valvu ya tyubu ya baiskeli, akaziba nacho mdomo wa bomba la turbo. Mkewe akapiga povu katika beseni la kufulia. Spana akapuliza kwa pampu ya mguu, marehemu akilala chini ya gari na brashi. Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Chini kabisa, nyuma ya feni, pale mpira unapokutana na bomba la chuma, povu likavimba, likavimba, likapasuka. Kile kibano cha chuma kinachoushika mpira kilikuwa kimekazwa nusu tu.

Alibaki amelala pale. Kisha akasema polepole, "Mama watoto, unakumbuka siku ile cherehani ilipokata uzi, ukaniita?"

Alikumbuka. Mumewe alikuja akikimbia na bisibisi mkononi, akaitengeneza cherehani, kisha akaona kamba ya kuanikia nguo imelegea, akaenda kuikaza, na jioni ikamkuta juu ya paa. Kwenye kibano hakurudi tena. Marehemu alicheka chini ya gari hadi kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kukoma, ikabidi Spana amvute kwa miguu.

Alikikaza kibano akiwa ameketi chini, akapumzika katikati, na safari hii hakuinuka hadi alipomaliza. Siku iliyofuata walipanda mlima wa tangi. Gari lilipanda kama limesukumwa na mkono, bila moshi, bila mluzi. Juu kabisa marehemu hakusimama kutazama mji. Alikunja kulia, akashuka hadi hospitali, na pale uwanjani wakakaa na injini ikiunguruma.

"Mimi ni mtu wa ahadi," alisema.

"Wewe ni mtu wa kuogopa," mkewe akamjibu. "Lakini umekuja. Asante."

Daktari aliona mapafu yenye makovu, kazi ya vumbi la miaka mingi. Alisema hayarudi kuwa mapya, ila kwa dawa na uangalizi angeweza kupata muda. Mungu alimpa miaka miwili na nusu. Familia inaamini kwamba bila mlima ule asingeipata. Katika miaka hiyo alifunga kitasa cha mlango wa jikoni, akamfundisha mkewe kuendesha gari, na akawaona wajukuu wawili zaidi. Agosti mwaka huu alianza kuhitaji mashine ya oksijeni, na tarehe 2 Septemba alilazwa. Hata kitandani aliitegea sikio mashine ile, akamwambia muuguzi kwamba kuna kiungo kinavuja. Muuguzi alikagua, akakuta ni kweli.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, dada wawili na kaka mmoja, na vijana wengi wa kiwandani ambao sasa wana mvi na bado wanatembea na kikopo cha povu. Spana ameomba atajwe, naye anatajwa, maana amekuwa ndugu.

Asubuhi ile ya Alhamisi, baada ya simu, mjane alibaki kidogo kwenye usukani. Aliwaza kwamba muda ule aliokuwa akiipoza injini, mumewe alikuwa akienda peke yake. Wazo hilo lilimchoma, na bado linamchoma. Hatimaye alizima gari, akachukua chupa ya chai, akapanda ngazi. Binti yake alimpokea mlangoni mwa wodi.

"Mama, walitaka kuizima mashine. Nikawaomba wakungoje."

Mashine ilikuwa bado inapuliza. Muuguzi alikuwa ameiondoa barakoa usoni na kuiweka kando ya mto. Uso wa marehemu ulikuwa na joto. Mjane alivuta kiti, akaketi karibu naye kama walivyozoea kuketi kwenye viti vile vya kijani, akamshika mkono. Alimwambia gari limepanda mlima vizuri, halikutoa moshi. Alimwambia mwana yuko njiani na lori. Binti alianzisha sala, wakasali pamoja, na muuguzi naye. Kisha mjane alisimama, akamfunika shuka hadi kifuani, akasema, "Haya, mwenzangu," na akaizima mashine kwa mkono wake mwenyewe.

Mungu ampe pumziko ambalo yeye hakuwahi kujipa.