Mwalimu Dakika na Nukta Zake za Ijumaa

Mama tunayemsindikiza leo alikuwa na jina lake kwenye cheti, lakini wengi wenu mlioketi hapa hamkuwahi kulitumia. Mlimwita Mwalimu Dakika, naye akaitika. Wasifu huu umeandikwa na binti yake kitinda mimba, fundi cherehani, ambaye ndiye anausoma, sauti ikimruhusu. Hakuurembesha, maana marehemu hakupenda mtu apewe maksi ambazo hakuzipata.

Alizaliwa Ijumaa, tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa nne kati ya sita wa baba seremala na mama mkunga. Siku hiyo mkunga wa mtaa ndiye aliyekuwa mzazi, kwa hiyo baba ilimbidi aweke randa chini na kufuata amri zilizotoka kitandani. Mpaka anazeeka alikuwa akisema kazi ile ilimtoa jasho kuliko kabati lolote.

Alianza shule Januari 1964, na huko hakupokewa vizuri. Darasa la pili alilikariri mara mbili. Kwenye ripoti mwalimu wake aliandika maneno mawili tu, “Kichwa kizito,” na ripoti hiyo marehemu aliitunza hadi mwisho, kwenye sanduku moja na cheti cha ndoa. Dada yake mkubwa ndiye aliyemkalisha ngazini kila alasiri mpaka herufi zikamkubali. Alimaliza sekondari mwaka 1976, akaingia chuo cha ualimu, akahitimu Novemba 1978.

Tarehe 8 Januari 1979 alikabidhiwa darasa la tatu, chumba cha mwisho wa korido, chenye mlango usiofungika bila kupigwa teke. Alikaa humo miaka thelathini na minane. Mwaka 1984 alihudhuria mafunzo ya wiki tatu, akarudi na jambo ambalo walimu wenzake walilicheka. Kila Ijumaa, mtoto anayesuasua alisoma kwa sauti kifungu kipya kilichotungwa kutokana na masomo ya darasa lake. Alisoma dakika moja, haikuzidi. Mwalimu alihesabu maneno yaliyosomwa sawasawa, akaweka nukta kwenye karatasi ya miraba. Mstari ulikuwa umeshachorwa, kutoka pale mtoto alipo hadi pale anapotakiwa kufika mwisho wa mwaka. Nukta nne mfululizo zikianguka chini ya mstari, mafundisho yanabadilishwa. Mtoto hagombezwi.

“Huyu hafundishiki,” mkuu wa shule alimwambia siku moja, akionyesha karatasi iliyojaa nukta za chini.

“Karatasi haimsemi mtoto, mkuu,” alijibu. “Inanisema mimi.”

Na dakika ilipokwisha, awe mtoto amesoma maneno matatu au themanini, alimwambia maneno yale yale, kwa sauti ile ile: “Basi. Umefika. Pumzika.” Mliopita mikononi mwake mnayajua.

Ndoa yake aliikuta kazini. Saa yake ya kupimia mbio ilianza kuwahi, akaipeleka kwa fundi saa aliyekuwa na kibanda kando ya posta. Fundi alimrudishia akisema imepona, imebaki sekunde nne tu. Marehemu aliisukuma tena mezani. “Sekunde nne ni maneno mawili ya mtoto wa watu,” alisema. Fundi aliifungua saa ile mara tano, na anakiri kwamba tatu za mwisho haikuwa na kasoro yoyote. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu.

Kitinda mimba alizaliwa mwaka 1991 na kichwa kizito kama cha mama yake. Mwaka 2000 aliingia darasa la tatu, chumba kile kile, akasoma maneno kumi na moja kwa dakika. Aliona aibu kuwa mtoto wa mwalimu aliye chini ya mstari. Juu ya kila kifungu marehemu alichora picha ndogo, mbuzi, ndoo, mwavuli, ili watoto wasiogope. Basi binti akawa anavichukua vifungu kabatini nyumbani na kuomba asomewe na kaka yake, akavikariri. Ijumaa akiona mbuzi anaghani habari ya mbuzi. Nukta zikapanda. Ijumaa ya nne mama aliifunika picha kwa kiganja, na binti akanyamaza dakika nzima.

Hakupigwa. Mama alizifuta zile nukta tatu mbele yake, akamwambia, “Sitaki unifurahishe, mwanangu. Nataka usome.” Akaanza naye upya, kwenye ngazi za nyumbani, na mwezi wa kumi binti akauvuka mstari kwa haki. Marehemu alistaafu mwaka 2017, na hata siku ya kuagwa aliomba hotuba zisizidi dakika moja. Hakuna aliyemtii.

Tarehe 6 Februari 2024 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakawa yanakuja kwa shida, na herufi zikamtoka zote. Alishika gazeti akalitazama kama ukuta. Kitinda mimba alihamishia cherehani yake nyumbani kwa wazazi, na Ijumaa ya tarehe 1 Machi akatoa vifungu vya mama kabatini, akachora mstari, akabonyeza saa. Maneno saba. Wiki iliyofuata, kumi na mawili. Mwisho wa Mei, arobaini na sita. Baba aliibandika karatasi ile ukutani, na kila mgeni alipelekwa kuiona kabla hajapewa kiti.

Tarehe 7 Juni karatasi ya ndoo ilikuwa imechakaa kwa juu, binti akatoa nakala isiyo na picha. Marehemu aliishika. Saa ilienda, sekunde sitini, naye hakutoa neno.

“Mama, soma basi.”

“Picha iko wapi?” aliuliza taratibu.

Binti alikaa chini. Ijumaa kumi na nne alimpimia mama yake vifungu ambavyo mama mwenyewe alivitunga na kuvisikia miaka thelathini. Kati ya watu wote, yeye alipaswa kujua. Wiki kumi na nne ambazo angeweza kumfundisha, alizimaliza akishangilia. Jambo hili linamuuma, na hafichi.

“Ulijua?” alimuuliza.

“Nilijua.” Akatafuta neno kwa muda mrefu. “Ulikuwa... unafurahi.”

Mwanamke ambaye hakuwahi kumpunjia wala kumzidishia mtoto nukta, alidanganya mara moja maishani, na alidanganya kwa ajili hiyo. Kisha akaunyosha mkono wake mzima, akaibandua karatasi ukutani, akampa binti kifutio.

Walianza sifuri, kwa vifungu vipya alivyoviandika binti. Nukta nne zikakaa chini kabisa. Basi binti akabadilisha mafundisho, kama sheria ilivyotaka: alikata herufi kwa kitambaa kizito, mama akawa anazipapasa moja moja kwa kidole. Neno moja. Matatu. Tarehe 16 Agosti alisoma hivi, kwa dakika nzima: “Mama yangu ni mwalimu. Ananisikiliza nikisoma. Leo mimi namsikiliza.” Maneno tisa, bila picha. Yalikuwa bado chini ya mstari, na yalikuwa yake.

Jumatatu, tarehe 19 Agosti 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kiharusi cha pili kilimchukua, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mkubwa aliyemkalisha ngazini, na watoto wa darasa la tatu ambao mtajihesabu wenyewe.

Limebaki moja. Ijumaa ile, saa ilipolia, marehemu aliweka kidole chini ya neno la tisa akamtazama binti yake, akingoja kuambiwa yale maneno. Binti alikuwa analia, hakuweza kuyasema. Alijiambia atayasema Ijumaa ijayo.

Basi, mama. Umefika. Pumzika kwa amani.