Nafasi ya Mama Anjelina

Wasikilizaji wapendwa, iwe redio yako imekaa juu ya gunia la kahawa au umeifunga kwenye baiskeli, iongeze sauti kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Wendelin Kapinga wa kijiji cha Ruanda, hapa Mbinga. Mwalimu Wendelin ametutoka Alhamisi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

Wengi mlimfahamu akiwa ushirika wa kahawa, akiwafundisha wakulima. Soko huria likaingia. Wanunuzi binafsi wakaja na magari yao, ushirika ukapunguza watu, naye akapunguzwa. Alirudi nyumbani na baiskeli na kamusi. Mimi mtani wake nikamwambia, "Mwalimu, kamusi hailiwi." Akanijibu, "Subiri iive."

Iliiva mwaka 2003. Shirika moja la Dar es Salaam lilimpa kazi ya kutafsiri mihadhara ya biashara. Mihadhara ya Kiingereza, imerekodiwa ng'ambo, inamfikia kwenye diski kwa basi. Yeye anaisema upya kwa Kiswahili, wao wanaiweka kwenye intaneti. Inasikilizwa Bujumbura, Lubumbashi, Maskati. Narudia: sauti ya kutoka stoo ya kahawa ya Ruanda, inasikika Maskati! Alirekodia stoo kwa sababu magunia yanazuia mwangwi. Mvua ikigonga bati, kazi inasimama. Na mvua ya Mbinga mnaijua.

Sasa mkewe. Mama Serafina, tunayemwita Mama Anjelina kwa jina la binti yake, Mnyasa wa Mbamba Bay, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa anachambua usipa wake mle mle stoo. Siku ya somo la saba, mhadhiri anasema: anza na bei ya chini, wateja wakizoea, pandisha. Mwalimu akatafsiri. Mama akadakia:

"Aje apandishe sokoni Kingerikiti aone! Wataniuliza, 'Mama Anjelina, usipa wako siku hizi umesoma?'"

"Serafina, narekodi!"

"Rekodi na hilo."

Hakulifuta. Likaenda hivyo hivyo. Shirika likaandika barua: huyo mama atolewe, la sivyo kazi anapewa mwingine. Na hiyo, wasikilizaji, ndiyo kazi pekee aliyokuwa nayo.

Binti yao Anjelina ananiambia: "Mama akamwambia, nitoe tu, sina kinyongo. Baba akasema, huko kuna mtu anauza samaki kama wewe. Akinisikiliza mimi peke yangu, atafukuza wateja."

Akamtoa. Lakini sikieni alivyomtoa! Pale mama aliposema, aliacha kimya. Kisha akasema: "Hapa mke wangu, muuza usipa, alibisha. Ofisi imelikataa neno lake. Tuendelee."

Wiki mbili hazikuisha. Bujumbura wanaandika, Maskati wanaandika: tunamtaka mama! Mama akarudishwa. Wakafikisha masomo arobaini, yeye anatafsiri, mama anabisha.

Somo la arobaini na moja alirekodi peke yake, mwezi uliopita, kifua kinambana. Mama alikuwa ziwani, amefuata mzigo. Mhadhiri anasema: biashara nzuri huendelea hata mwenyewe akiondoka. Mwalimu akatafsiri. Halafu akasema, "Mama Anjelina yuko Mbamba Bay. Namwachia nafasi yake." Kimya.

Nafasi ile haikujazwa. Jana nilikwenda msibani, mama akaniomba tulisikilize somo hilo pamoja. Kimya kilipofika akacheka, kisha akajifuta macho kwa khanga.

"Hapo mhadhiri wao kapatia nusu," akasema. "Usipa nitauza. Ila kubishana, nitabishana na nani?"

Mama Serafina, Anjelina, ukoo wote wa Kapinga, poleni sana. Mbinga nzima iko nanyi. Na sisi tuliobaki tujiulize: nyumbani kwako, ofisini kwako, umemnyamazisha nani ili usikike vizuri wewe?

Mama amelisema neno lake. Placidi, fundi mitambo wetu, usiguse kitu, usiweke muziki. Tunaacha kimya.

Hii ni nafasi ya Mwalimu.